Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Adebayo Akinfenwa

Majibu yafuatayo yanahusu safari ya soka ya Adebayo Akinfenwa, mshambuliaji wa Uingereza aliyecheza karibu maisha yake yote katika madaraja ya chini na bado akafahamika duniani kuliko wachezaji wengi wa Ligi Kuu. Wengi wetu tulikutana na jina lake kwanza kwenye gemu ya FIFA, katika vibanda vya pleistesheni, na tukadhani habari yake inaishia kwenye ukubwa wa mwili. Haiishii hapo, na ndiyo sababu majibu mengine ni marefu.

Akinfenwa ni nani?

Jina lake kamili ni Saheed Adebayo Akinfenwa. Alizaliwa tarehe 10 Mei 1982 katika eneo la Islington, kaskazini mwa London, kwa wazazi wenye asili ya Nigeria. Alikuwa mshambuliaji wa kati, mtu wa miraba minne mwenye uzito uliozidi kilo 100, aliyecheza soka ya kulipwa kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kutundika daluga mwezi Mei 2022, siku 11 tu baada ya kutimiza umri wa miaka 40. Wenzake walimwita Bayo, na mashabiki wakampa jina la Mnyama (Beast), ambalo yeye mwenyewe alilipokea kwa furaha na baadaye akaligeuza kuwa biashara.

Madaraja ya chini ya Uingereza ni yapi hasa?

Chini ya Ligi Kuu, yenye timu 20, kuna madaraja matatu yenye timu 24 kila moja: Championship, League One na League Two. Jumla yake ni klabu 92. Mtu anayesikia "League One" kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni ligi ya kwanza kwa ubora, kumbe ni daraja la tatu, na League Two ni la nne. Kila timu katika madaraja hayo hucheza mechi 46 za ligi kwa msimu, bila kuhesabu vikombe, kwa hiyo kuna wiki nyingi ambazo mchezaji huingia uwanjani Jumamosi na tena Jumanne, katikati akiwa amesafiri saa kadhaa kwa basi kwenda mji wa mbali na kurudi usiku wa manane.

Jambo jingine la kuelewa ni mechi za mchujo. Katika League Two, timu tatu za juu hupanda moja kwa moja, na zile zilizoshika nafasi ya nne hadi ya saba hupambana zenyewe kwa zenyewe kuwania nafasi moja iliyobaki, fainali ikichezwa katika uwanja wa Wembley, London. Katika League One, wawili hupanda moja kwa moja na wa tatu hadi wa sita huingia kwenye mchujo. Maisha ya Akinfenwa yamefungamana na fainali hizo kiasi kwamba asiyezielewa hawezi kumwelewa yeye.

Kwa nini kijana wa London alianzia soka yake Lithuania?

Kwa sababu nyumbani hapakuwa na mlango uliofunguka. Baada ya kupita Watford akiwa kijana bila kupata nafasi, alipata njia ya kwenda FK Atlantas, klabu ya mji wa bandari wa Klaipėda, kupitia watu wa karibu na wakala wake. Mwaka 2001, akiwa bado kijana mdogo, alijikuta katika nchi ambayo watu weusi walikuwa wachache mno, na alichokutana nacho viwanjani ni nyimbo za ubaguzi wa rangi, baadhi zikitoka kwa watu waliopaswa kumshangilia.

Amelieleza jambo hili mara nyingi bila kulipamba. Alifikiria kurudi nyumbani, kisha akabaki kwa takriban miaka miwili. Katika fainali ya Kombe la Lithuania ya mwaka 2001 dhidi ya Žalgiris, ndiye aliyefunga bao la ushindi. Ninaposoma makala zinazomtaja kama kichekesho cha uwanjani, hurudi kwenye bao hilo, kwa maana kijana aliyezomewa kwa rangi ya ngozi yake, ugenini, bila ndugu wala jamaa karibu, akaipa klabu ile kombe, si mtu wa kuchekwa.

Ilikuwaje akapita klabu nyingi kiasi kile?

Hili huulizwa kana kwamba kuhama ni dosari yake. Tazama mwaka mmoja tu. Mapema mwaka 2003 alijiunga na Barry Town ya Wales, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Wales pamoja na Kombe la Wales msimu huo, lakini klabu ikaporomoka kifedha na wachezaji wakatawanyika. Msimu uliofuata, wa 2003/04, alivaa jezi za klabu nne: Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Mtu mmoja, msimu mmoja, vyumba vinne vya kubadilishia nguo.

Katika madaraja ya chini, mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, na humalizika mwezi Juni. Mwezi Mei, mara tu ligi inapokwisha, kila klabu hutoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Jina lako likiwa upande wa pili, una wiki chache za kutafuta kazi kabla ya mazoezi ya maandalizi kuanza, huku ukiwa na kodi ya nyumba na watoto wa shule. Huko mshahara haumtoshi mchezaji kukaa nyumbani miaka miwili akisubiri ofa nzuri. Anayedumu katika mazingira hayo kwa miongo miwili ni yule anayesajiliwa tena na tena, maana yake kila mwaka kuna kocha aliyemtazama, akalinganisha na wengine, akasema huyu namhitaji.

Kituo chake cha kwanza cha utulivu kilikuwa Torquay United, msimu wa 2004/05. Alifunga mabao 14 ya ligi katika timu iliyoshuka daraja, na mshambuliaji anayefunga katika timu inayozama huwa haachwi bila kutazamwa.

Alifanya nini Swansea City?

Swansea ndiko alikoonja yote mawili, utamu na uchungu, ndani ya miezi kumi. Mwezi Agosti 2005 klabu ilifungua uwanja wake mpya, Liberty Stadium, kwa mechi ya ligi dhidi ya Tranmere Rovers. Mechi iliisha 1-0, na bao lile, la kwanza la mashindano katika uwanja huo, lilikuwa lake. Mwezi Aprili 2006 alifunga tena bao la ushindi Swansea ilipoilaza Carlisle United 2-1 katika fainali ya Football League Trophy, kombe la timu za League One na League Two, iliyochezwa mjini Cardiff kwa kuwa Wembley ilikuwa ikijengwa upya.

Mwishoni mwa mwezi Mei, katika uwanja uleule, Swansea ilikutana na Barnsley katika fainali ya mchujo wa League One. Baada ya sare ya 2-2 zikapigwa penalti, naye alikuwa mmoja wa wawili waliokosa, na Barnsley ikapanda. Kisha mwaka 2007 akavunjika mguu. Alipoondoka Swansea majira ya joto ya mwaka huo akiwa mchezaji huru, usajili wake katika klabu nyingine ulikwama kwenye vipimo vya afya, akakaa bila timu hadi karibu mwisho wa mwaka, akacheza mechi chache Millwall bila kufunga hata bao moja. Alikuwa na miaka 25, mguu uliotoka kuunga, na sifa mbaya ya kuwa mzito. Wengi waliofika hapo hawakusikika tena.

Nani alimwinua?

Northampton Town. Alijiunga nayo mwezi Januari 2008 na katika nusu msimu akafunga mabao 7 ya ligi. Kuanzia hapo alizunguka kati ya klabu mbili kama mtu mwenye nyumba mbili: Northampton hadi 2010, Gillingham msimu mmoja, Northampton tena hadi 2013, kisha Gillingham tena. Msimu wa 2011/12 alifunga mabao 18 ya ligi, na uliofuata 16. Northampton ilifika fainali ya mchujo wa League Two mwaka 2013, ikapigwa 3-0 na Bradford City pale Wembley.

Je, ni kweli alikuwa mzito mno kwa mpira wa miguu?

Kauli hiyo aliisikia tangu ujana wake, na jibu lake refu ni maisha aliyoyaishi. Hata hivyo swali linastahili kujibiwa kiufundi, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapomkosea.

Tazama anavyopokea mpira mrefu kutoka kwa kipa. Mpira ukiwa bado angani, yeye ameshamtafuta beki kwa mgongo. Mkono mmoja ameuweka nyuma, usawa wa kifua cha yule beki, ili ajue amesimama upande gani bila kugeuza kichwa. Magoti yamekunjwa, kiuno kimeshuka. Beki akisukuma, anasukuma ukuta; akirudi hatua moja, amemwachia nafasi ya kugeuka; akijaribu kupita mbele ili auwahi mpira, mlango unafungwa kwa bega. Mpira unatua kifuani, unateremka mguuni, na mguso wa pili unakwenda kwa kiungo anayekuja kasi akiwa ameliangalia goli. Akinfenwa hajapiga hatua hata tatu, lakini timu nzima imesogea mita 30.

Kazi ile haifanywi kwa uzito peke yake. Mtu mzito asiyejua kusoma mpira unaposhuka huanguka juu ya beki na mwamuzi hupuliza filimbi ya faulo. Yeye alijua lini aegemee na lini atulie, na kifua chake kilikuwa laini kwa mpira kama kilivyokuwa kigumu kwa watu. Kasi hakuwa nayo, na hakuwahi kudai kuwa nayo. Alichofanya ni kujenga mchezo wake wote mahali ambapo kasi haihitajiki, yaani ndani ya boksi, akiwa amelipa goli mgongo. Kwa maoni yangu, hiyo ni akili ya mpira ya kiwango cha juu, na makocha wanaofundisha vijana wenye maumbo makubwa wangefanya vyema kumtumia kama somo badala ya kuwaambia vijana hao wakacheze mchezo mwingine.

Kwa nini gemu ya FIFA ilimpa umaarufu mkubwa kiasi kile?

Kwa miaka kadhaa mfululizo gemu hiyo ilimworodhesha kuwa mchezaji mwenye nguvu kuliko wote. Mtoto aliyekuwa akicheza na Barcelona au Real Madrid alikuta kwamba mwenye nguvu nyingi zaidi yumo katika timu ambayo hajawahi kuisikia, akamsajili, na jina likaenea. Akinfenwa aliitumia nafasi hiyo vizuri kwa kuanzisha chapa yake ya mavazi, Beast Mode On. Ubaya wake ni kwamba gemu ilibakiza namba moja tu, ya nguvu, ikafunika mengine yote.

Ilikuwaje siku alipofunga bao dhidi ya Liverpool?

Alijiunga na AFC Wimbledon mwaka 2014. Klabu hiyo ina historia yake nzito: mashabiki waliiunda mwaka 2002 kwa mikono yao, baada ya Wimbledon ya zamani kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes, wakaanza upya katika ngazi za chini kabisa na kupanda hatua kwa hatua.

Tarehe 5 Januari 2015, katika raundi ya tatu ya Kombe la FA, Liverpool ilikuja kwenye uwanja wao mdogo wa Kingsmeadow. Akinfenwa ni shabiki wa Liverpool tangu utotoni. Steven Gerrard, ambaye siku chache kabla alikuwa ametangaza kwamba angeiacha Liverpool mwishoni mwa msimu, alifunga la kwanza. Kabla ya mapumziko ikapigwa kona, kipa Simon Mignolet akashindwa kuuondoa mpira kwenye msongamano, ukadondoka hatua chache kutoka mstarini, na Akinfenwa akauzamisha wavuni. Gerrard alifunga la pili kwa mpira wa adhabu na Liverpool ikashinda 2-1. Bao la Wimbledon halikuwa zuri kwa sura, lakini ni la mshambuliaji halisi: mabeki walipokuwa wakitazama mpira juu, yeye alikuwa amesimama pale unapoangukia.

Habari ya kuwaomba makocha wamtafute kwa WhatsApp ilitokana na nini?

Tarehe 30 Mei 2016, AFC Wimbledon ilicheza na Plymouth Argyle katika fainali ya mchujo wa League Two. Lyle Taylor alifunga la kwanza, na katika dakika za nyongeza Wimbledon ikapewa penalti. Akinfenwa aliyekuwa ameingia kutoka benchi, miaka kumi baada ya ile penalti aliyokosa Cardiff, aliuchukua mpira, akapiga, akafunga. Wimbledon ikapanda League One, daraja ambalo wangekutana na MK Dons, klabu iliyozaliwa kutokana na uhamisho ule uliowaumiza.

Mkataba wake ulikuwa umefika mwisho. Kwenye mahojiano ya televisheni, akiwa bado na jezi iliyolowa jasho, alieleza kwamba kwa sasa hana kazi na akawaomba makocha wanaomhitaji wamtafute kwa WhatsApp. Watazamaji walicheka, na ni haki yao, kwa kuwa aliisema kwa bashasha. Lakini yaliyosemwa yalikuwa kweli tupu: mfungaji wa bao katika fainali ya Wembley, mwenye miaka 34, hakujua mwezi Julai ungemkuta wapi.

Alipata nini Wycombe Wanderers?

Alipata nyumba. Kocha Gareth Ainsworth alimsajili majira hayo ya joto, na Akinfenwa akakaa miaka sita, muda mrefu kuliko popote pengine. Msimu wa 2017/18 alifunga mabao 17 ya ligi, Wycombe ikapanda kutoka League Two, naye akachaguliwa na wachezaji wenzake katika kikosi bora cha daraja hilo. Ainsworth aliijenga timu kumzunguka: mipira mirefu, krosi, na mguu wa kushoto wa Joe Jacobson kwenye kona na mipira ya adhabu. Wapo waliouita mchezo huo wa kizamani. Wycombe ilikuwa na bajeti ndogo miongoni mwa wapinzani wake, na kocha anayejua alichonacho ghalani hapiki chakula cha mwenzake.

Msimu wa 2019/20 ulikatizwa na korona. Wycombe ilikuwa ya nane, lakini msimamo ulipopangwa upya kwa wastani wa pointi kwa kila mechi, ikapanda hadi nafasi ya tatu na kuingia kwenye mchujo. Tarehe 13 Julai 2020, katika Wembley isiyo na mashabiki, iliifunga Oxford United 2-1 na kufika Championship kwa mara ya kwanza katika miaka 133 ya uhai wake. Safari hii Akinfenwa alisema mtu pekee anayeruhusiwa kumtafuta kwa WhatsApp ni Jürgen Klopp, ambaye Liverpool yake ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa. Klopp alimtumia ujumbe wa video wa kumpongeza.

Championship ilikuwa ngumu. Wycombe ilishuka mwaka 2021 ikiwa na pointi 43, moja tu nyuma ya Derby County iliyonusurika.

Je, aliwahi kucheza Ligi Kuu au timu ya taifa?

Hapana, hakucheza popote kati ya hapo. Daraja la juu kabisa alilofika Uingereza ni Championship, akiwa na miaka 38.

Alifunga mabao mangapi?

Zaidi ya 200 katika mashindano yote, ndani ya mechi zaidi ya 700. Anayelinganisha idadi hiyo na ya washambuliaji wakubwa akumbuke kwamba katika miaka ya mwisho aliingia mara nyingi kutoka benchi, na kwamba mabao mengi ya wenzake yalianzia kifuani mwake bila kuandikwa kwa jina lake.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa ipi?

Ilikuwa fainali ya mchujo wa League One, tarehe 21 Mei 2022, Wembley, dhidi ya Sunderland. Alikuwa ameshatangaza kustaafu. Aliingia kipindi cha pili timu yake ikihitaji bao, na Sunderland ikashinda 2-0.

Nikitaka kumtazama, nianzie wapi?

Wengi huanza na penalti ya mwaka 2016 na mahojiano yaliyofuata, na hakuna ubaya. Ushauri wangu ni kutafuta mechi nzima ya Wycombe ya msimu wa 2017/18, uketi dakika 20 na kumfuata yeye tu, uuache mpira. Utamwona akitembea wakati wengine wanakimbia, akimsogelea polepole beki aliyemchagua, akiuweka mkono nyuma kumpapasa yuko wapi. Kipa anapouweka mpira chini ili aupige mbele, utagundua kwamba ameshasimama mahali utakapotua.